Vidole vya Babu

Babu yangu alikuwa na vidole viwili vya rangi ya asali iliyoungua, shahada na cha kati, mkono wa kulia. Utotoni nilidhani wazee wote wa kijiji chetu, Kigonsera, huwa hivyo.

Nyumbani ipo picha aliyopigwa pamoja na mdogo wake nje ya kanisa la misheni, ile waliyoianzisha Wabenediktini mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya misheni ya Peramiho. Wamepishana miaka miwili tu. Mdogo alikuwa katekista, hakuwahi kuvuta hata msokoto mmoja. Mgeni akioneshwa picha hiyo huuliza kama yule wa kushoto ni baba wa huyu wa kulia.

Sisi tuko barabarani, kati ya Songea na Mbinga. Ukipanda unaingia Umatengo, kwenye mashamba ya mashimo yaitwayo ngoro, na kahawa. Ukishuka unaingia Ungoni, kwenye tumbaku. Babu alilima huku na huku, maana ukweni kwake kulikuwa Ungoni. Mazao ya pande zote mbili yalikuwa na chama chao, ushirika wa Ngoni-Matengo ulioanzishwa mwaka 1936, ambao wazee waliuita Ngomati. Ada ya shule ya baba yangu ilitoka huko. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na babu alilisimulia jambo hilo kama msiba wa ndugu.

Tumbaku ya Songea ni ya moshi. Jani linachumwa bichi, linatungwa kwenye vijiti, linaning'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kisha chini yake unawashwa moto wa magogo usiotakiwa kulipuka. Unaulinda mchana na usiku, hadi jani ligeuke kahawia nzito. Nimewahi kulala bani. Ukitoka macho yamevimba, na nguo hata ukizifua mara tatu bado zinakusema.

Lakini ngozi huanza kuteseka shambani. Utomvu wa jani hugandia viganjani, mweusi kama lami. Tuliusugua kwa mchanga na majivu. Asubuhi yenye umande ilikuwa mbaya zaidi: nikotini huyeyuka kwenye maji hayo na kupenya ngozini, basi mtoto ambaye hajawahi kushika sigara anatapika na kuona kizunguzungu. Nyumbani wanasema ni malaria.

Wazee walivuta kiko na kunusa ugoro. Juni ya kwetu ina baridi ya kung'ata, na kiko kilikuwa nusu ya blanketi. Baadaye zikaja sigara za kiwanda cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961. Babu akatupa kiko, akashika Sportsman, akajiona mtu wa kisasa. Cha kuchekesha ni kwamba sigara hutengenezwa zaidi kwa jani la mvuke, la njano, la Tabora na Iringa. Jani lake jeusi aliliuza kwa bei aliyopangiwa, kisha akanunua la wenzake.

Mwaka 1985 daktari Mwingereza, Douglas Model, aliandika kwamba karibu nusu ya wavutaji wa muda mrefu angeweza kuwatambua kwa kutazama uso tu. Bibi hakuhitaji daktari. "Huyu ameiva kama jani la bani," alisema. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ngozi ikakosa hewa na chakula; moshi nao huvunja kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi isilegee. Weusi wetu hutukinga na jua kwa kiasi fulani, lakini hautukingi na moshi. Babu alikuwa na mikunjo iliyozunguka mdomo kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba, na ufizi mweusi. Alipojikata mguu kwa jembe, kidonda kilikaa wazi kuanzia kupalilia hadi kuvuna.

Akaacha uzeeni, kwa kikohozi. Mikunjo haikurudi nyuma. Kucha ndizo zilizobadilika: shinani ikaota kucha safi, mbele ikabaki ya njano, katikati mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Kila Jumamosi bibi alimkata kucha kwa wembe, naye babu aliuliza mstari umefika wapi. Miezi kama sita hivi. Kipande cha mwisho cha njano bibi alikiweka kiganjani, akamwonesha, akakitupia jikoni motoni.