Kisu cha mfukoni hakikuanza na wezi

Wasee, Nairobi ukitoa kisu mfukoni kila mtu anashika simu yake. Naelewa. Lakini sikia hii story.

Mwaka wa 1890, huko Savoie kwenye milima ya Ufaransa, kijana wa miaka 18, Joseph Opinel, alikuwa kwa karakana ya babake. Mzee alikuwa fundi wa mashoka na vifaa vya shamba. Kijana akaunda kisu cha kukunja: mpini wa mti, chuma, msumari mmoja wa kushikanisha. Basi. Kitu ambacho mkulima angeweza kununua, akate mkate na kuchonga fimbo.

Kufikia 1897 vilikuwa saizi 12. Mwaka wa 1955 kikaongezwa pete ya kuzungusha, ndiyo kisikufungie vidole. Ukiangalia cha leo, bado ni kile kile.

Sasa mbona watu wanavikusanya, na dukani kuna visu kibao? Nadhani ni kwa sababu hakitupwi. Kikiisha makali unanoa. Mpini unabadilika rangi kwa jasho la mkono wako, halafu mtoto wako anakirithi.

Guka alikuwa na chake, cha sokoni tu, cha kunimenyea muwa. Amekinoa miaka mingi hadi kimekonda. Sikibebi mtaani, sitaki maswali. Kiko kwa droo. Tangu aniachie nimebadilisha simu tatu, na hakuna hata moja ningetaka mjukuu wangu arithi.

Kwenu kuna kitu kama hicho? Kiulizie kabla kiuzwe kwa vyuma kuukuu.