Mrija Mmoja: Historia ya Matumbo na Mapafu Yetu



Ndugu msomaji, wakati wa kufuturu hakukosi mtu wa pupa: tende hajaimeza, maji yako mdomoni. Mara apaliwe, akohoe mpaka machozi yamtoke. Kwa nini njia ya chakula na ya hewa zikawa jirani hivi? Jibu liko katika kuumbwa kwetu, na wanadamu walichukua karne nyingi kulipata.

Madrasa tumesomeshwa kwamba Suratul Mu'minun yataja mwanadamu kuumbwa kwa daraja: tone, pande la damu, kisha pande la nyama. Lakini Ulaya ya karne ya 17 na 18 wataalamu wengi waliamini ati mtoto yuko mzima tangu mwanzo, mdogo mno, kazi yake ni kukua tu. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker wa Uholanzi alichora hata kijimtu kilichojikunyata ndani ya mbegu ya mwanamume!

Mwaka 1759 kijana Mjerumani, Caspar Friedrich Wolff, aliipinga fikra hiyo katika tasnifu yake ya chuo kikuu. Ushahidi wake ulikuwa yai la kuku. Albrecht von Haller, bingwa mkubwa wa zama hizo, hakumkubalia. Wolff hakuchoka. Alihamia St. Petersburg, Urusi, na mwaka 1768 na 1769 akachapisha maelezo ya vile utumbo wa kifaranga unavyofanyika. Mwanzo si mrija. Ni utando bapa, ambao hujikunja kama mkeka mpaka kingo zikutane. Basi kama utumbo ungekuwako tangu mwanzo, mbona hapo awali hakuna mrija?

Wolff alifariki 1794 na wachache tu walikuwa wameisoma kazi yake. Mwaka 1812 Johann Friedrich Meckel aliitafsiri kutoka Kilatini hadi Kijerumani, ndipo ikaenea.

Waliofuata walichunguza binadamu pia. Yapata wiki ya nne ya mimba, mrija wa chakula huchipua kifuko upande wa mbele. Kifuko hugawanyika matawi mawili, nayo ndiyo mapafu. Kisha ukuta hujengeka kati ya njia ya hewa na njia ya chakula. Subhanallah! Mapafu ni tawi la mrija wa chakula; ndiyo maana tunapaliwa.

Mara nyengine ukuta huo haukamiliki. Mtoto huzaliwa njia ya chakula imekatika, au ina tundu la kuingilia njia ya hewa. Zamani watoto hao walikufa. Mwaka 1941 daktari Cameron Haight, huko Michigan, Marekani, aliziba tundu na kuunganisha njia ya chakula kwa operesheni moja, na mtoto akaishi.

Kwa hivyo wazazi, mtoto mchanga akitoka povu mdomoni na kupaliwa kila akinyonya, tusikimbilie kusema ni jicho. Dua tusome, na hospitali apelekwe saa ile ile. Nasi vijana, tuwe na subira ya Wolff: ukipingwa na mkubwa, rudi kwenye ushahidi, utazame tena.