Safu ya Lugha: Kufyeka na Kung'oa
Siku hizi watu husema “kufyeka” hata wanapokusudia kumaliza kabisa vichaka vya miiba bustanini. Kufyeka ni kukata kilicho juu ya ardhi, kwa panga au fyekeo, na mizizi hubaki. Mathenge, mti wa miiba ulioletwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980, ukifyekwa huchipua tena kwenye kisiki kile kile, mara nyingi kwa wingi zaidi. Anayetaka uishe aseme kung'oa, yaani kuutoa na mizizi yake. Kupalilia nako ni kuondoa magugu ili mazao yastawi, ndiyo maana chuki nayo husemwa kuwa hupaliliwa, yaani hukuzwa. Wapo watakaosema kwamba mkulima “hufyeka shamba” na kueleweka. Kweli, lakini mkulima huyo huyo akifikia visiki husema anaving'oa.