Kutembea na Kumaliza: Asili ya Kanda katika Michezo ya Mtandaoni

Wengi wetu tulioko ughaibuni tuna vijana nyumbani wanaocheza ile michezo ya mtandaoni ambayo mchezaji hujifanya shujaa na kuzunguka katika nchi ya kubuni pamoja na maelfu ya wengine. Nchi hiyo hugawanywa kanda kanda, na katika michezo mingi ya leo kila kanda ina hesabu yake: umeona asilimia 60, bado 40. Kijana haamki kitini mpaka hesabu itimie. Wazee tunalalamika kwamba ni kupoteza wakati. Mimi, kwa kuwa ni mhandisi, ninavutiwa zaidi na swali jingine: hesabu hiyo ilitoka wapi, nayo ilipoingia ilifukuza nini?

Asili ya michezo hii ni pango la kweli. Will Crowther alikuwa mwandishi wa programu huko Marekani, mmoja wa waliojenga ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Wakati wake wa mapumziko alikuwa akipima na kuchora njia za mapango ya Mammoth Cave, jimbo la Kentucky. Kati ya mwaka 1975 na 1976 aliandika mchezo wa maneno matupu, bila picha, uliofuata njia za sehemu ya mapango hayo, akiwakusudia binti zake waucheze. Mwaka 1977 Don Woods, aliyekuwa Stanford, aliupanua, na toleo lake likawa na alama 350. Watu walikesha wakiitafuta alama moja ya mwisho, iliyopatikana kwa kuliacha gazeti fulani katika pembe fulani ya pango. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na wachezaji wa namna mbili: anayetaka kujua pango linaelekea wapi, na anayetaka kuzitimiza zile 350.

Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika MUD, mchezo ambamo watu wengi waliingia nchi moja kwa wakati mmoja. Mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Mwaka 1996 Bartle alichapisha makala akiwagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta ushindi, wanaotafuta kujua, wanaotafuta mazungumzo, na wanaotafuta kuwasumbua wenzao. Hoja yake kubwa ni kwamba mafungu haya hutegemeana. Mtengenezaji akilipendelea moja, mengine nayo huongezeka au hupungua.

Kanda zenyewe zilitokana na ufinyu wa mashine. Mchezo wa EverQuest ulipotoka mwezi Machi 1999, kompyuta ya nyumbani haikuweza kubeba nchi nzima kwa mara moja. Nchi ikakatwa vipande, na kila ukivuka mpaka ulingoje kipande kingine kipakiwe. Mazimwi hayakuweza kuvuka mpaka huo, kwa hiyo aliyefukuzwa aliukimbilia, na msururu wa mazimwi nyuma yake wachezaji waliuita “treni.” Mwungwana alipiga kelele kuwaonya walio mbele.

Na ramani ndani ya mchezo haikuwamo. Kutoka mji wa Qeynos hadi Freeport ilikuwa safari ndefu kwa miguu, ikipita msitu wa Kithicor, ambao usiku ulijaa wafu wenye nguvu. Mgeni alifanya nini? Aliuliza. Alingoja kupambazuke, au alimtafuta mwenyeji amvushe. Wengine walichora ramani kwa mkono na kuwagawia wenzao. Mtu mwenye kuijua njia alikuwa na heshima yake hata kama hakuwa na silaha kali. Ramani ya ndani iliongezwa mwaka 2003.

World of Warcraft, uliotoka Novemba 2004, uliondoa kungoja mipakani ndani ya bara moja. Ramani yake ilianza ikiwa imefunikwa, nayo ilifunuka kadiri ulivyotembea. Oktoba 2008 ziliingia orodha za mafanikio: ukifunua kanda zote unapewa jina la heshima. Desemba 2009 ramani ikaanza kukuonyesha kila kazi uliyotumwa ifanyiwe wapi. Mwaka 2012 Guild Wars 2 ikaweka asilimia wazi kwa kila kanda, na aliyemaliza dunia nzima alipata zawadi inayohitajika kutengenezea silaha za thamani ya juu kabisa.

Sisemi kwamba haya ni mabaya. Mwenye saa moja tu baada ya kazi ana haki ya kujua aende wapi, na orodha imewapeleka wengi kwenye mabonde ambayo wasingeyakanyaga. Lakini orodha huhesabu kufika, kuelewa haikuhesabu. Tena mgeni hana haja tena ya mwenyeji. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, ila katika kanda yenye mishale kila upande, kuuliza hakuna kazi.

Novemba 2010 wenye World of Warcraft walizivunja na kuzijenga upya kanda nyingi za zamani. Kazi nyingi zilifutwa, na orodha za kumaliza zikabadilishwa. Kilichobaki cha nchi ile kilikuwa vichwani mwa watu. Agosti 2019 kampuni ilipofungua tena mchezo ukiwa na sura yake ya mwaka 2006, watu walirudi kwa wingi katika nchi ambayo wengi wao walikwisha kuimaliza.

Sisi tuliofika miji ya watu kabla ya simu zenye ramani tunalifahamu jambo hili. Tuliuliza kituo cha basi, tukaelekezwa, na mara nyingine aliyetuelekeza akawa jirani na rafiki wa miaka. Watoto wetu hawakupata sababu ya kuuliza.

Basi kijana atakapokwambia amemaliza kanda, usimkemee wala usimpongeze upesi. Mwambie azime ramani, kisha akueleze kwa mdomo wake namna ya kutoka mji huu kufika ule: mto uko mkono gani, hatari iko wapi, na usiku mtu afanye nini. Akiweza, ameijua nchi. Asipoweza, mkae pamoja muitembee tena.