Ali Muhsin, Ng'ambo na Kura za 1957: Nani Alikuwa Mwenyeji?



Huku kwetu Ghuba, kila yakizungumzwa mambo ya uchaguzi wa Zanzibar, watu hukimbilia 1963. Na ikishatajwa 1963, hata chai haijapoa, tushaingia Januari 1964 na hapo tena hakuna mazungumzo, kuna kulaumiana. Mie leo nataka tukae na uchaguzi ambao hatuupi haki yake, ule wa Julai 1957, na mgombea mmoja aliyeshindwa vibaya katika uchaguzi ule: Sheikh Ali Muhsin Barwani. Najua nataja jina linalowasha. Wapo wanaolitaja na huku wanamuombea rehema, na wapo wasiotaka hata kulisikia. Nawaomba wote wawili wanivumilie.

Kwanza tukumbuke Legico ilikuwa kitu gani. Baraza la Kutunga Sheria liliundwa 1926, na kwa miaka thelathini hakuna mwananchi hata mmoja aliyeingia mle kwa kura. Wasiokuwa maofisa wa serikali waliteuliwa, tena waliteuliwa kwa kabila: Waarabu viti vyao, Wahindi viti vyao, Wazungu chao. Mwafrika wa kwanza, Sheikh Ameri Tajo, aliingia 1946, yaani miaka ishirini baada ya baraza kufunguliwa. Mtu akiingia mle hakuwa akimsemea mtu wa Makunduchi au wa Wete, alikuwa akilisemea kabila lake. Mwingereza aliipenda sana hesabu hii, na ilimfaa.

Sasa Ali Muhsin. Alizaliwa Unguja 1919, katika ukoo wa Barwani, ukoo mkubwa wenye asili ya Oman. Alisoma Makerere, na alichosomea ni kilimo. Hili watu hulipita haraka, lakini mie naona lina maana yake, kwani Zanzibar ya wakati ule ilikuwa ni karafuu na nazi, na aliyezisomea karafuu alikuwa ameyasomea madeni ya mwenye shamba na shida za mchumaji kwa pamoja. Baadaye akawa mhariri wa gazeti la Mwongozi, na jina alilolipata mjini alilipata kwa kalamu kabla ya kulipata kwa jukwaa. Alikuwa msemaji, mswalihina, mtu wa kitabu. Hata wapinzani wake hawakumnyima hayo.

Chama chake, Zanzibar Nationalist Party, sie tunakiita Hizbu tu. Kilizaliwa rasmi Disemba 1955, lakini mizizi yake imo Kiembe Samaki, kwa wakulima waliopambana na serikali katika Vita vya Ng'ombe vya Julai 1951. Wakulima wale ndio walioanzisha chama cha raia wa Sultani, na wasomi wa mjini, Ali Muhsin akiwa mmoja wao, wakaja kuingia baadaye. Wako wanaosema wasomi waliukaribisha mkono wa mkulima, na wako wanaosema waliteka nyara nyumba ya watu. Mie naona yote mawili yametokea, na si ajabu, vyama vingi vya Afrika vimezaliwa hivyo hivyo.

Jambo la mwanzo alilolipigania Ali Muhsin lilikuwa daftari moja la wapiga kura. Asiwepo tena mjumbe wa Waarabu na mjumbe wa Wahindi. Awepo mjumbe wa jimbo, na wapiga kura wote wa jimbo wamchague kwa sanduku moja. Arab Association ilikuwa imesusia Legico tangu 1954, baada ya viongozi wake kushitakiwa kwa uchochezi kwa yaliyoandikwa katika gazeti la Al-Falaq, na daftari moja lilikuwa katika madai yao makubwa. Susio lile halikuwa mchezo: Sultan Ahmed Mugheiri, aliyelivunja na kurudi barazani, aliuliwa Novemba 1955. African Association, kwa upande wao, walisita. Waliogopa kwamba uchaguzi wa haraka utawakuta watu wao hawakusoma, hawana magazeti, hawana fedha, na kwamba daftari moja litakuwa mlango wa kuwarejesha wale wale waliokuwa juu. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga hata kidogo. Baada ya daftari moja, Hizbu walitaka uhuru wa haraka, raia wote wawe kitu kimoja chini ya Sultani, na elimu. Katika hilo la mwisho mlango wa Cairo ya Gamal Abdel Nasser ulifunguliwa, na vijana wetu wengi wakapitia hapo.

Serikali ikamleta Walter Coutts atazame namna ya kupiga kura, na 1956 akapendekeza viti sita vya kuchaguliwa kwa daftari moja. Sita tu! Mji Mkongwe, Ng'ambo, Unguja Kaskazini, Unguja Kusini, na viwili Pemba. Wanawake hawakuwamo. Mwanamme naye alitakiwa awe raia wa Sultani, awe na miaka 25, na awe na masharti ya kusoma au ya mali. Hata hivyo, Ali Muhsin alikuwa amekipata alichokidai.

Sasa tazameni alichokifanya. Akagombea Ng'ambo. Si shamba walikokuwa na wakulima wao, si Mji Mkongwe kwenye jamaa zake na wasomaji wake, bali Ng'ambo ya nyumba za udongo na makuti, ya wachukuzi, mabaharia, mafundi na watu waliotoka bara vizazi viwili vitatu nyuma. Na aliyekuwa anamsubiri pale ni Abeid Amani Karume. Karume hakusoma Makerere. Alikuwa baharia, kisha akaongoza wenye motaboti za bandarini, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa African Association. Alikuwa anajulikana katika kila kichochoro cha Ng'ambo, kwa jina na kwa sauti. Februari 1957 chama chake na Washirazi wa Unguja walikuwa wameungana, baada ya Mwalimu Nyerere kuja Zanzibar kuwasukuma.

Kwa nini Ali Muhsin akaenda kule? Nionavyo mie, hakukosea hesabu. Alitaka kuthibitisha kwa mwili wake mwenyewe hoja aliyokuwa akiiandika miaka yote, kwamba Mzanzibari anaweza kumchagua Mzanzibari bila kuuliza asili yake. Mtu aliyedai daftari moja halafu akajificha katika jimbo la watu wake angekuwa amejipinga mwenyewe. Alikwenda, na akashindwa kwa zaidi ya kura tatu kwa moja. Hizbu hawakupata hata kiti kimoja. Vitatu vya Unguja vilikwenda kwa Karume na wenzake, Mji Mkongwe ukachukuliwa na mgombea wa Muslim Association, na Pemba wakachaguliwa Muhammad Shamte na Ali Sharif Mussa, Washirazi ambao baadaye wakajiunga na upande wa Karume.

Hapa ndipo wapenzi wa Sheikh husimama na kupiga makofi: tazama, alishindwa na akakubali, hakudai kura za kikabila zirejeshwe. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Viongozi wangapi leo wanashindwa kwa kanuni walizozitunga wenyewe na wakanyamaza? Lakini hadithi haimaliziki hapo, na mie sipendi historia ya nusu.

Katika uchaguzi ule ule, Hizbu walimwekea Karume pingamizi. Walidai si mzaliwa wa Zanzibar, wakisema kwao ni Nyasaland, kwa hiyo hana haki ya kugombea. Jambo likafika mbele ya sheria na pingamizi likatupwa. Karume akabaki mgombea, na Ng'ambo wakatoa hukumu yao ya pili kwenye sanduku.

Hebu litazameni jambo hili vizuri. Chama kinachosema hakuna Mwarabu wala Mwafrika, kuna Mzanzibari, kinamsimamisha mtu mbele ya sheria na kumuuliza: wewe baba yako wa wapi? Anayeuliza ana asili ya Oman, anayeulizwa anaambiwa ana asili ya bara, na mwamuzi ni Mwingereza. Mtetezi wa Hizbu atanambia kwamba suala halikuwa kabila, lilikuwa uraia, na nchi yoyote ina haki ya kujua raia wake ni nani. Hoja hiyo naifahamu, na katika darasa la sheria ningeipa alama. Lakini mtu wa Ng'ambo hakuwa darasani. Yeye alisikia kitu kimoja tu, kwamba hata tukizaliwa hapa, hata tukizika wazazi wetu hapa, hawa wataendelea kutuita wageni. Daftari moja lilimwambia yeye ni sawa na wote, pingamizi likamwambia si hivyo. Kwa maoni yangu pingamizi lile liliwadhuru Hizbu kuliko kushindwa kwenyewe, maana viti hurudi uchaguzi unaofuata.

Na vilirudi. Ya baadaye nitayapitia mbio kwa kuwa yanajulikana. Hizbu walijipanga upya, Abdulrahman Babu akawa katibu mkuu na akaleta nidhamu ya chama ambayo Zanzibar haijapata kuiona. Mwanzoni mwa 1961 wanawake walipiga kura mara ya kwanza. ASP wakapata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP ya Shamte 3, na hao watatu wakagawanyika hata ikawa 11 kwa 11. Juni mwaka huo huo ukarudiwa, Hizbu na ZPPP wakaunda serikali, na machafuko ya siku zile yakaua watu 68. Julai 1963 ASP wakapata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu katika 31. Ali Muhsin alikuwa waziri, na uhuru ulipokuja tarehe 10 Disemba 1963 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Babu alikuwa keshatoka, ameanzisha Umma Party.

Lakini lile swali la 1957 halikwenda popote, liliingia serikalini. Serikali ile ikaanza kuwaondoa kazini polisi waliotoka bara. Kwa hoja ya karatasi ilikuwa sawa kabisa: nchi huru, polisi wake wawe raia wake. Kwa hoja ya maisha ilikuwa maafa, kwani uliwaachia mjini watu wenye mafunzo ya bunduki, wasio na mshahara, na wenye kisasi. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 ghala za silaha za polisi za Ziwani na Mtoni ziliangukia mikononi mwa wanamapinduzi. Na aliyejitangaza redioni kuwa Field Marshal, John Okello, alikuwa mzaliwa wa Uganda. Naye hakukaa sana. Kabla mwaka haujesha Karume mwenyewe alimfukuza. Hata Karume ikafika zamu yake ya kumwambia mtu "rudi kwenu".

Ali Muhsin alikaa gerezani, bara, zaidi ya miaka kumi, mpaka 1974. Akatoka nchini kwa kupitia Kenya, na sehemu kubwa ya maisha yake baada ya hapo ilikuwa huku Ghuba. Hapa Dubai ndipo kilipochapishwa, 1997, kitabu chake cha kumbukumbu, Conflicts and Harmony in Zanzibar. Akafasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Amefariki Muscat, Machi 2006, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na sie tuliobaki huku? Mimi nakaa Rashidiya, karibu na uwanja wa ndege, kwenye kituo cha Metro ambacho tangu 2020 kinaitwa Centrepoint lakini bado sote twasema Rashidiya. Miongoni mwa Wazanzibari walioingia Imarati baada ya 1964 kuna waliopata uraia, wakasoma, wakapanda vyeo, alhamdulillahi. Kuna na waliokaa miongo bila ya uraia wowote, watoto wao na wajukuu wao pia, mpaka wengine katika hao wasio na uraia wakapewa pasi za Komoro baada ya sheria ya Komoro ya 2008, pasi za nchi ambayo hawajawahi kukanyaga. Noora Lori amelieleza jambo hili katika kitabu chake cha 2019, Offshore Citizens, na Wazanzibari wamo mle. Imarati ilianza kuchagua nusu ya wajumbe wa Baraza la Taifa la Shirikisho 2006, mwaka ule ule alipofariki Sheikh. Wanaopiga kura ni raia waliomo katika orodha inayotolewa na kila imarati. Jirani yangu mmoja, mzee wa Malindi, alikuwa Hizbu damu damu. Nilipomsomea habari za pingamizi dhidi ya Karume alikaa kimya, kisha akasema, "Maalim, mie hapa nimeulizwa baba yangu wa wapi kila nilipokwenda kutengeza karatasi." Hakuongeza neno, na mie sikumuuliza zaidi.

Nina ombi moja kwa wasomaji. Aliyepiga kura 1957 ilibidi awe na miaka 25 wakati ule, kwa hiyo aliyekuwa mdogo kabisa kati yao sasa amepindukia tisini. Wamebaki wa kuhesabu, Muscat, Dubai, London, Unguja na Pemba. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani, amkalie na simu yake amrekodi, na asimuulize alimpenda nani. Amuulize kituo kilikuwa wapi, foleni ilikuwaje, nani alikataliwa kuandikishwa na kwa sababu gani. Na mwenye Mwongozi za mwaka ule kwenye sanduku la marehemu babu, tafadhali asizitupe; azipige picha kurasa zote, na matangazo ya biashara yasiachwe.

Wabillahi tawfiq,
Rashidiya, Dubai