Kabla Hujanunua Mota Kubwa: Somo la Miaka 40 Kutoka kwa Mabingwa wa Bagi za Rimoti

Mwaka 1987, huko Romsey, Uingereza, dogo mmoja wa Kijapani mwenye miaka 17 aliingia kwenye mashindano ya dunia ya bagi za rimoti akiwa na baba yake. Dogo alishika rimoti, mzee alishika bisibisi. Mashindano yalipoisha, dogo alikuwa bingwa wa dunia kwenye daraja la bagi zinazovuta kwa tairi zote nne.

Sasa hapo usiangalie umri, angalia gari. Japani ndiyo nyumbani kwa Tamiya, Kyosho na Yokomo, majina makubwa kabisa kwenye mchezo huu. Lakini siku ile baba na mwana hawakutumia bagi ya kwao. Walishinda na Schumacher CAT, gari ya Kiingereza, ndani ya Uingereza. Unaweza kusema ni bahati. Ila ukiifuata historia ya vigari hivi toka mwanzo, utaona hiyo ndiyo siri yenyewe.

Kwa asiyejua, hapa hatuzungumzii midoli ya kumnunulia mtoto sikukuu. Bagi ya mashindano ni kigari cha umeme chenye ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi. Ina shokapu za mafuta, ina difu, ina giaboksi, na kila skrubu inafunguka. Unainunua ikiwa vipande vipande, unaiunga mwenyewe mezani, kisha unaenda kuipigisha kwenye vumbi, matuta na kona. Na ugonjwa wa wenye mchezo huu ni mmoja dunia nzima: kununua spea. Leo mota, kesho betri, keshokutwa skrubu za rangi. Mkwanja unaisha na bado mtu anashika mkia.

Turudi 1979. Tamiya walitoa bagi mbili zilizowatoa watu udenda: Rough Rider na Sand Scorcher. Sand Scorcher ilivaa bodi ya Volkswagen Beetle ya jangwani, chini ikiwa na vyuma vya kweli na boksi maalumu la kuzuia maji yasifike kwenye betri na vifaa vya rimoti. Kwa muonekano ilikuwa noma. Tatizo ni uzito. Ilibuniwa ifanane na gari halisi, haikubuniwa kushinda mbio. Watu walipoanza kushindana nayo ndipo wakaanza kupunguza hiki, kubadilisha kile, kuchonga vipande vyao wenyewe. Biashara ya spea za kuongeza ubora ilikulia hapo hapo, kwa watu waliochoka kusubiri kiwanda.

Mwaka 1984 ukaja na pande mbili za hadithi.

Upande wa kwanza ni Grasshopper ya Tamiya, bagi ya bei nafuu iliyowaingiza vijana wengi kwenye mchezo. Ilikuja na mota ndogo ya aina ya 380, na nyuma springi tupu zisizo na mafuta. Ikiruka tuta, inadundadunda kama mpira wa kitenesi. Na unajua vijana wengi walianza kubadilisha nini? Mota. Walitoa ile 380, wakaweka 540 yenye nguvu zaidi. Kwenye barabara nyoofu ikawa moto. Kwenye kona na matuta ikawa vurugu zaidi, maana kigari kile kile kisichotulia sasa kilikuwa kinadunda kikiwa na spidi kubwa. Ni kama mtu kufunga muziki wa laki tano kwenye IST yenye tairi kipara. Kelele ipo, ila mvua ikinyesha utamkuta mtaroni.

Upande wa pili ni California. Kampuni ya Team Associated, iliyokuwa na uzoefu wa vigari vya mashindano ya lami, ilitoa bagi yake ya kwanza ya vumbi: RC10. Mbunifu wake hakuhangaika ifanane na gari gani ya barabarani. Aliuliza swali moja tu: mbio zinashindwa wapi? Akajibu kwa chasisi ya aluminiamu yenye rangi ya dhahabu, nyepesi na ngumu. Mikono ya tairi akaifanya ya nailoni, inayopinda kidogo ikigonga badala ya kuvunjika. Shokapu akaweka kubwa, zenye mafuta, moja kwa kila tairi.

Zile shokapu ndizo zilizoleta heshima. Springi peke yake inasukuma tairi chini, halafu inarudisha mshindo wote juu. Mafuta ndani ya shokapu yanaizuia isirudi kwa fujo, hivyo tairi inabaki imegusa ardhi. Na tairi isiyogusa ardhi haipeleki gari popote, hata mota iwe na nguvu kiasi gani. Ndiyo maana mpaka leo mafundi wa mchezo huu wanabishana kuhusu uzito wa mafuta ya shokapu kama wapishi wanavyobishana kuhusu chumvi.

Mwaka 1985, mashindano ya kwanza ya dunia ya bagi za umeme yalifanyika Del Mar, California. Daraja la tairi mbili lilichukuliwa na Mmarekani aliyekuwa na RC10, gari yenye umri wa mwaka mmoja tu. Daraja la tairi nne lilichukuliwa na Mmarekani mwingine, mtoto wa mzee aliyekuwa na uwanja wa mchezo huo. Huyu alikuwa nyumbani kabisa, ila gari aliyoshika ilikuwa Yokomo ya Kijapani. Miaka mitatu baadaye, 1988, familia yake ikatoa bagi yake yenyewe, Losi JRX2. Yani walianza kwa kushinda na gari ya wengine, wakajifunza kipi kinafanya kazi, ndipo wakatengeneza ya kwao.

Sasa ukirudi Romsey 1987, picha inakaa vizuri. Mmarekani alishinda Del Mar na gari ya Kijapani. Mjapani akashinda Romsey na gari ya Kiingereza. CAT ilikuwa bagi ya mikanda iliyokulia kwenye viwanja vya Uingereza, ambako vumbi kavu la California halipo na watu wengi walikuwa wanashindana kwenye nyasi na udongo wenye unyevu. Waliochagua gari ile waliangalia uwanja. Mapenzi ya chapa na bendera waliyaacha nyumbani. Mwaka huo huo, kwenye daraja la tairi mbili, RC10 ilivuliwa taji na Kyosho Ultima ya Kijapani, mikononi mwa Mmarekani. Miaka miwili baadaye, 1989, yule dogo wa Kijapani akaja kulirudisha taji la tairi mbili kwa RC10 ya Kimarekani. Mpaka anastaafu alikuwa na mataji 14 ya dunia, na kwa miaka mingi baba yake alikuwa pembeni na bisibisi yake.

Kuna hesabu nyingine ya enzi hizo ambayo watu wa siku hizi wameisahau. Betri za wakati ule zilikuwa za nikeli-kadimi, seli sita, volti 7.2, na nyingi zilikuwa na ujazo wa mAh 1200. Mbio zilikuwa za dakika nne au tano. Piga hesabu: ukitaka betri hiyo ifike dakika tano, wastani wa umeme unaoruhusiwa kutumia ni kama ampea 14 tu. Ukiweka mota yenye mizunguko michache ya waya, inakimbia zaidi lakini inakunywa umeme kama imetoka jangwani. Matokeo yake unaongoza dakika tatu, ya nne kigari kinaanza kutembea kama bibi harusi, na wale uliowaacha wanakupita mmoja mmoja. Hapo ndipo mota kubwa ilipowaliza wengi. Aliyejua kuchagua gia ndogo ya mota iendane na betri yake alikuwa anafika.

Vidhibiti mwendo navyo vilikuwa na kisa chake. Vile vya mwanzo vilikuwa vya mkono wa kuteleza juu ya rizista: ukipunguza mwendo, umeme unaobaki unageuka joto na kupotea. Vilipokuja vya kielektroniki, vinavyokata na kurudisha umeme mara nyingi kwa sekunde, betri ile ile ikaanza kudumu zaidi. Mtu alipata mwendo na muda bila kugusa mota kabisa.

Kuanzia miaka ya 2000 hesabu ilibadilika. Zikaja mota zisizo na brashi, zikaja betri za lipo. Nguvu ikawa sio tatizo tena. Leo hata mtu anayeanza anaweza kununua nguvu kubwa kuliko aliyokuwa nayo bingwa wa 1985. Viwanja navyo vikabadilika, vingi vikawa vya kapeti au udongo uliogandamizwa vinavyoshika sana, na wabunifu wakaihamisha mota kutoka nyuma ya ekseli kwenda katikati ya gari ili uzito ukae sawa. Kwenye vumbi linaloteleza, mota ya nyuma bado ilikuwa na faida, maana uzito unakandamiza tairi zinazovuta. Swali likabaki lile lile la Romsey: unakimbilia wapi?

Kwa hiyo kwa mtu anayetaka kuingia kwenye mashindano leo, historia imeshampangia foleni ya matumizi. Kwanza tairi, na achague kwa kuangalia wanaoshinda kwenye uwanja wake, sio kwenye video ya uwanja wa nchi nyingine. Tairi zenye meno marefu zinafaa udongo laini. Kwenye sehemu ngumu inayoshika, meno mafupi ndiyo yanafanya kazi. Pili beringi: kama gari imekuja na bushi, zitoe, maana beringi zinapunguza msuguano na bei yake sio ya kutisha. Tatu shokapu, mafuta na springi zake. Nne sevo ya usukani, kwa sababu gari isiyokunja kwa wakati haina maana. Tano spea za akiba za vitu vinavyovunjika, hasa mikono ya tairi. Mota iwe mwisho. Na zile skrubu za rangi ziwe za siku ya kupiga picha.

Kuhusu aluminiamu, tahadhari kidogo. Mkono wa nailoni ukigonga nguzo unapinda, ukizidiwa unavunjika wenyewe na unaununua kwa bei ndogo. Ukiweka wa chuma, hauvunjiki, ila mshindo unahamia ndani na kuvunja kitu cha gharama zaidi. Mbunifu wa RC10 alilijua hilo mwaka 1984.

Na jambo la mwisho halipo dukani. Yule dogo wa Romsey hakuwa na rimoti tu, alikuwa na mtu wa pembeni anayeona gari inavyotua, inavyokunja, inavyochelewa, na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo gari ikawa nzuri, hujui kipi kimesaidia. Ikiwa mbaya, hujui pia. Mzee mwenye bisibisi na subira alikuwa na thamani kuliko mota yoyote kabatini.

Wewe je, ungepewa laki tatu leo uboreshe bagi yako, ungeanza na nini? Na usiseme mota. Dondosha jibu lako hapo chini.