Nani Amemfunika Mwimbaji?

Siku hizi vijana wengi hurekodi muziki chumbani, kwa kompyuta moja na spika mbili. Mwimbaji akilalamika kuwa hasikiki, fundi humpandisha sauti. Mpiga gita akinung'unika, naye hupandishwa. Kisha besi, kisha ngoma. Mwishowe kila kitufe kimefika juu, taa nyekundu inawaka, na mwimbaji bado hasikiki! Ugomvi huu haukuanza na kompyuta. Una umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Kabla ya mwaka 1925, studio hazikuwa na maikrofoni wala vitufe. Wanamuziki walikusanyika mbele ya bomba lenye mdomo mpana, na nguvu ya sauti yao ndiyo iliyotikisa sindano iliyochora mistari kwenye nta. Kupima sauti kulikuwa ni kupanga watu: mwimbaji karibu na bomba, tarumbeta nyuma kabisa. Aliyezidi alisogezwa nyuma. Hakuna aliyeambiwa apige kelele ili ashindane naye.

Mwaka 1925 kukaja kurekodi kwa umeme, na maikrofoni ikanasa hata sauti ya chini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Enzi hizo mwimbaji na wapigaji walirekodiwa kwa pamoja. Fidla ikizidi, hapakuwa na dawa ila kurudia wimbo wote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, dawa ikapatikana kwenye utepe wa sumaku. Utepe mmoja uligawanywa katika njia kadhaa, kila chombo na njia yake, na fundi akaweza kumshusha mmoja bila kuwagusa wengine. Hata hivyo njia zilikuwa chache. The Beatles walirekodi Sgt. Pepper mjini London kwa mashine za njia nne, nayo ikatoka mwaka 1967. Njia zikijaa, fundi alizichanganya na kuzihamishia kwenye mashine nyingine, na hapo alichoamua kimeamuliwa. Ilimbidi ajue mapema nani akae mbele.

Kompyuta imetuondolea uhaba huo, lakini imetuletea dari. Kipimo chake huishia kwenye sifuri. Utepe ulipozidishiwa sauti kidogo ulivumilia, kompyuta haivumilii. Wimbo unaotoka ukigonga dari, vichwa vya mawimbi hukatwa na spika hukwaruza. Tena sauti zikichanganywa hujumlishana: njia mbili zenye sauti ile ile, kwa nguvu sawa, hupanda kwa desibeli sita. Je, njia 24?

Badala ya kushusha, wauza muziki walichagua kubana. Katika miaka ya 1990 mashindano ya kelele yalipamba moto: sauti kubwa zilikandamizwa, ndogo zikapandishwa, wimbo mzima ukaegemezwa darini. Mwaka 2008 kundi la Metallica lilitoa albamu ya Death Magnetic. Mashabiki wakagundua kuwa nyimbo zile zile zilisikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero kuliko kwenye CD waliyoinunua! Maelfu walitia saini kudai ichanganywe upya.

Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulikuwa umeshatoa kipimo kinachofuata jinsi sikio linavyosikia. Leo Spotify na YouTube hupima kila wimbo, na uliozidi hushushwa. Aliyebana muziki wake ili awashinde jirani hushushwa hadi usawa wao, akabaki na wimbo usio na pumzi.

Kwetu hasara ni kubwa zaidi, maana sisi ni watu wa maneno. Taarabu au dansi ambayo ujumbe wake haushikiki imekufa nusu.

Kwa hiyo, fundi, shusha vitufe vyote. Anza na mwimbaji mpaka maneno yasikike, ukiacha nafasi ya kutosha chini ya dari. Walete wengine mmoja mmoja. Akilalamika mtu kuwa hasikiki, uliza kwanza nani amemfunika, umshushe huyo. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hakuna anayenunua wimbo ili asikilize debe.